Eva Hesse: Wino na duara kwenye karatasi ya grafu

KARATASI ya grafu inajulikana kwa kila aliyeketi katika darasa la hisabati. Mistari yake ya wima na ya mlalo huwa imekwisha kuchapwa na mashine, na anayeitumia hutakiwa tu kutia alama mahali panapofaa. Katika miaka ya 1960, jijini New York, karatasi hiyo ya wanafunzi na wahandisi iligeuzwa kuwa uwanja wa sanaa.

Hiyo ilikuwa enzi ya minimalizimu, mkondo wa sanaa ulioepuka masimulizi, mapambo na hisia za msanii, ukabakisha maumbo sahili kama vile mraba, mchemraba na mstari. Donald Judd, mmoja wa vigogo wake, aliwakabidhi mafundi wa karakana kazi ya kuunda sanamu alizobuni. Sol LeWitt naye alifuata kanuni alizojiwekea kabla ya kuanza kuchora. Kwa wasanii wa aina hii grafu ilifaa sana, kwani mpangilio wake humpunguzia mchoraji mengi ya kuamua.

Eva Hesse aliutumia utaratibu huohuo kwa namna yake. Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1936, katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi na kufika New York mwaka wa 1939. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1959, alikofunzwa na Josef Albers.

Kati ya mwaka wa 1966 na 1967, Hesse alichora kwa wino mweusi mfululizo wa michoro kwenye karatasi za grafu. Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza: duara moja ndani ya mraba mmoja, kisha mraba unaofuata, hadi safu zijae. Mchoro ukitazamwa kwa mbali huonekana kama kivuli cha kijivu kilichosawazika. Mtazamaji akisogea karibu, tofauti hujitokeza. Hapa wino umekolea, pale umefifia. Duara hili limebonyea kidogo, lile limekaribia ukingo. Miraba ya mashine inalingana, ilhali maduara ya mkono hayalingani, na hapo ndipo msanii anapoonekana.

Wazo hilo alilihamishia kwenye sanamu. Accession II, iliyomo katika jumba la sanaa la Detroit, ni sanduku la chuma lenye matundu zaidi ya 30,000 yaliyopangwa kama grafu, kila moja likiwa limepitishiwa kipande cha mpira wa plastiki.

Hesse alifariki Mei 29, 1970, kutokana na uvimbe kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 34. LeWitt, rafiki yake wa karibu, hadi wakati huo alikuwa akichora kutani mistari iliyonyooka pekee. Mwaka huohuo, mjini Paris, alijaza ukuta mzima kwa mistari ya wima isiyonyooka, kwa heshima ya marehemu.