Wimbo Unaovuka Mpaka wa Busia

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Hapa ndipo lilipozaliwa neno bodaboda, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakinadi "boda, boda!" kuwavusha abiria kutoka forodha moja hadi nyingine. Mwaka 1902 Waingereza waliimega sehemu ya mashariki ya Uganda wakaiunganisha na koloni lililokuja kuitwa Kenya, na ndiyo maana leo Wasamia na Wateso wana ndugu zao pande zote mbili za mpaka. Karatasi ziligawanywa, lugha hazikugawanyika. Nyimbo nazo vilevile.

Ndivyo unavyoeleweka wepesi wa kuimba katika madarasa ya watoto ya Wabahá'í, waumini wa dini ya Bahá'í, katika eneo hili, kuanzia Busia hadi Tororo chini ya mwamba wake.

Dini yenyewe ilifika Kampala Agosti 1951. Waliokuja ni Musa Banani, mzaliwa wa Baghdad, na mkewe Samihih, pamoja na binti yao Violette na mkwe wao Ali Nakhjavani. Mwingereza Philip Hainsworth naye alikuwa nao. Februari 1952 Mteso mmoja aliyekuwa mfasiri serikalini, Enoch Olinga, aliipokea imani hiyo, na kupitia kwake na wenzake habari zikaenea upesi Teso, kaskazini ya Tororo.

Wageni wale hawakuja na kitabu cha nyimbo. Dini ya Bahá'í haina mapadri wala tenzi za lazima, na katika Nyumba zake za Ibada, ile ya Kikaaya huko Kampala iliyofunguliwa Januari 1961 ikiwa mojawapo, ala haziruhusiwi: sauti ya binadamu peke yake ndiyo inayosikika. Kwa watu wa Teso, ambao tangu zamani mmoja huanzisha na umati ukaitikia, mlango ulikuwa wazi. Maneno ya maandiko yalihitaji tu kupata mahadhi.

Kisha giza likaingia. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin iliipiga marufuku dini hiyo pamoja na nyingine kadhaa, na ruhusa ikarudi Amin alipoanguka mwaka 1979. Septemba 16 mwaka huohuo Olinga aliuawa nyumbani kwake Kampala, pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Ni jeraha ambalo Wabahá'í wa Uganda hawajalisahau.

Mpangilio wa madarasa ya leo umetoka mbali, Kolombia, katika Taasisi ya Ruhi, ambayo kitabu chake cha tatu kinamwandaa mwalimu wa watoto wadogo. Masomo ya mwanzo yanahusu usafi wa moyo, haki, upendo, ukweli na ukarimu. Kila somo lina sala, wimbo, kifungu cha kukariri, hadithi, mchezo na picha ya kupaka rangi. Mtoto wa Mkatoliki au wa Mwislamu anakaribishwa sawa na wa Mbahá'í.

Fundisho lenyewe halihitaji jengo: mkeka na kivuli cha mwembe vinatosha. Mwalimu huimba mstari mmoja, watoto huurudia. Huimba wa pili, wanaurudia. Kisha yote miwili kwa pamoja. Neno la Kiswahili likiwashinda wadogo, hulikata vipande kwa makofi: u-ka-ri-mu, makofi manne. Anayejua Kisamia pekee huupata mdundo kwanza, maana ikafuata baadaye jirani yake anapomnong'oneza. Hapo ndipo wimbo unapolishinda somo la ubaoni: mtoto asiyejua kusoma naye huondoka na kifungu kizima kichwani, akakiimba akiteka maji, na mama akakisikia jikoni.

Walimu wengi ni vijana wa mtaa, wengine bado wanasoma sekondari. Baadhi yao walianza kwa kukaa kwenye mkeka kama huo, wakiitikia.