Jina Chini ya Picha: Picha Teule za Julia Margaret Cameron na Mtoto wa Mfalme wa Uhabeshi

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza maneno ambayo mpigapicha mmoja wa ridhaa wa karne ya 19 aliyaandika chini ya picha alizozipenda, na namna maneno hayo yalivyoamua nani akumbukwe kwa jina na nani abaki sura tu. Mpigapicha huyo ni Julia Margaret Cameron, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1815 na kufariki Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwezi Januari 1879. Sababu ya kumleta katika kongamano la Kiswahili ni kwamba mojawapo ya picha zake mashuhuri ni ya mtoto wa ukanda wetu: Dejazmach Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros II wa Uhabeshi, aliyepigwa picha akiwa na umri wa miaka 7, miezi mitatu tu baada ya baba yake kujiua kwa bastola.

Kuna sababu nyingine, nayo inawahusu zaidi washauri wa sera waliomo katika hadhira hii. Picha za kale za Afrika Mashariki zinaturudia kwa njia ya dijitali kutoka hifadhi za Ulaya, tena kwa maelfu. Zinakuja na maelezo yaliyoandikwa na watu wengine, kwa lugha nyingine, kwa shabaha nyingine. Swali la jinsi ya kuyapokea maelezo hayo ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la teknolojia.

2.0 Banda la kuku na mafanikio ya kwanza

Cameron alipata kamera yake mwezi Desemba 1863, akiwa na miaka 48, kama zawadi kutoka kwa binti yake na mkwewe. Wakati huo familia ilikuwa ikiishi Freshwater, katika Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Mumewe, Charles Hay Cameron, alikuwa mwanasheria aliyewahi kushika nyadhifa kubwa India na aliyemiliki mashamba ya kahawa Ceylon. Nyumba yao ya Freshwater ilipewa jina la shamba mojawapo, Dimbola. Mama huyu aligeuza ghala la makaa ya mawe kuwa chumba cha giza, na banda la kuku lenye kuta za vioo kuwa studio. Hakuwa na mwalimu wa karibu. Katika kumbukumbu zake, alizoanza kuziandika mwaka 1874 bila kuzimaliza, anasimulia kwamba picha yake ya kwanza aliifuta mwenyewe kwa kupitisha kiganja juu ya kioo kilichokuwa bado kimaji.

Mbinu ya siku hizo haikuwa na huruma. Kioo kilipakwa dawa, kikatumbukizwa katika maji ya madini ya fedha, kikaingizwa kwenye kamera kingali kimaji, kisha kikasafishwa kabla hakijakauka. Aliyepigwa picha alilazimika kutulia kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana sura nyingi za Cameron zina ukungu kidogo pembeni, na ndiyo maana wataalamu wa chama cha wapigapicha wa London walimkosoa vikali. Yeye alishikilia kwamba alipoona uzuri kupitia lenzi alisimama hapo, hata kama wengine wangeendelea kuizungusha hadi kila unywele uonekane. Kwa maoni yangu, ubishi huu ulitokana pia na uhuru wa mtu asiyetegemea wateja: mpigapicha wa kulipwa asingethubutu kumkabidhi mteja picha yenye ukungu.

Mwezi Januari 1864 alifanikiwa kumpiga picha mtoto wa kike aitwaye Annie. Anaeleza jinsi alivyokimbia nyumba nzima akimtafutia mtoto huyo zawadi, akihisi kana kwamba mtoto ndiye aliyeitengeneza picha. Katika nakala za picha hiyo aliandika kwa mkono wake kwamba ndiyo mafanikio yake ya kwanza. Tangu hapo, kuandika chini ya picha kukawa sehemu ya kazi: jina, mahali, mwaka, na mara nyingi tamko kwamba sura ilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwa mtu mwenyewe. Kati ya mwaka 1864 na 1875 alisajili hakimiliki ya picha zaidi ya 500, jambo linaloonyesha kwamba huyu wa ridhaa hakuwa mzembe katika mambo ya umiliki.

3.0 Majina ya wakubwa, majina ya watumishi

Picha aliyoitamani kwa miaka mingi ni ya Sir John Herschel, mwanafalaki. Walifahamiana mwaka 1836 katika Rasi ya Tumaini Jema, Cameron alikokwenda kupumzika baada ya ugonjwa na Herschel alikokuwa akizichunguza nyota za kusini. Herschel ni miongoni mwa walioeneza lile neno la Kiingereza la sanaa hii mwaka 1839, na ndiye aliyemjulisha Cameron habari za uvumbuzi wenyewe. Alipompiga picha hatimaye mwaka 1867, alimtaka aoshe nywele ili mvi zisimame na kushika nuru. Chini ya picha, jina la Herschel limeandikwa kamili. Vivyo hivyo kwa Carlyle, kwa Tennyson aliyekuwa jirani yake, na kwa Charles Darwin, aliyepanga nyumba ya akina Cameron majira ya joto ya mwaka 1868 na kusema kuwa hiyo ndiyo picha yake aliyoipenda kuliko nyingine zote.

Watumishi wa nyumba hiyo walikuwa na hali tofauti. Mary Hillier, msichana wa kazi, alisimama mbele ya kamera mara nyingi kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Lakini katika anwani za picha yeye ni Bikira Maria, ni malaika, ni mshairi wa Kiyunani. Sura ni yake, jina ni la mwingine. Wakati mpwa wa Cameron, Julia Jackson, ambaye baadaye alimzaa mwandishi Virginia Woolf, kwa kawaida alipigwa picha kama yeye mwenyewe, mtumishi alilazimika kuwa mtakatifu ili aonekane. Tofauti hii haielezwi na uzuri wa sura. Inaelezwa na nafasi ya mtu nyumbani.

Mary Ryan aliponea chupuchupu. Cameron alimkuta akiwa mtoto, akiomba pamoja na mama yake Mwairishi katika viunga vya London, akamchukua nyumbani, akamsomesha na kumpa kazi. Henry Cotton, kijana aliyekuwa akijiandaa kwa utumishi wa serikali nchini India, aliiona picha yake katika maonyesho mjini London, akaenda kumposa. Wakafunga ndoa mwaka 1867. Cotton alipanda hadi kuwa Kamishna Mkuu wa Assam, akatunukiwa cheo cha Sir, na mwaka 1904 aliongoza mkutano wa chama cha Indian National Congress. Mtoto wa ombaomba akawa Lady Cotton. Kisa hiki husimuliwa sana kwa sababu kinapendeza. Kinaonyesha pia kwamba jina lake lilihifadhiwa na ndoa, wala si na picha.

4.0 Mtoto aliyeuona ulimwengu

Majira hayohayo ya joto ya mwaka 1868, Darwin alipokuwa jirani, aliletwa Freshwater mtoto wa Kihabeshi.

Chanzo cha safari yake ni barua. Mwaka 1862 Tewodros alimwandikia Malkia Victoria akitaka urafiki na msaada. Barua haikujibiwa. Mfalme akaona amedharauliwa, akawafunga Wazungu waliokuwa katika milki yake, akiwamo balozi mdogo wa Uingereza. Jeshi la askari wapatao 13,000 likatumwa kutoka Bombay chini ya Jenerali Robert Napier, likashuka Zula katika pwani ya Eritrea ya leo, likapanda milima na tembo wa kubeba mizinga. Tarehe 13 Aprili 1868 ngome ya Magdala ilipovamiwa, Tewodros alijiua asitekwe. Miswada, mataji na vyombo vya kanisa viliporwa kwa wingi. Mtaalamu wa British Museum alikuwa amefuatana na msafara kwa kazi hiyo. Malkia Tiruwork, mama wa Alemayehu, alifariki njiani mwezi Mei. Mtoto akabaki mikononi mwa Kapteni Tristram Speedy, mtu mrefu kupita kiasi aliyekijua Kiamhari na aliyekuwa mkalimani wa jeshi.

Walipofika Uingereza, Malkia Victoria alimpokea mtoto Osborne, kasri lake katika kisiwa hichohicho cha Wight. Ndipo Cameron akawapiga picha, mwezi Julai. Katika anwani aliyoiandika, mtoto ni “Déjatch Alámayou”, mwana wa “King Theodore”. Mwanaisimu hawezi kuyapita maneno haya haraka. “Déjatch” ni ufupisho halisi unaotumiwa na Wahabeshi wenyewe kwa cheo cha Dejazmach, cheo cha juu cha kijeshi kilicho chini ya Ras. Alama zilizowekwa juu ya irabu zinaonyesha jitihada ya kumwelekeza msomaji kwenye matamshi. Bila shaka nyuma yake yumo Speedy. Ni heshima ambayo Mary Hillier hakuipata. Lakini baba, ambaye cheo chake kilikuwa Negusa Nagast, Mfalme wa Wafalme, amepunguzwa akawa mfalme mmoja mwenye jina la Kizungu. Cheo cha mtoto kimehifadhiwa kwa Kiamhari. Cha baba aliyeshindwa vita kimetafsiriwa, na katika kutafsiriwa kikashushwa.

Jina lenyewe ni sentensi. “Alem” ni ulimwengu, ndugu wa neno la Kiarabu tunalolisikia katika dua; “ayehu” ni “nimeona”. Alemayehu: nimeuona ulimwengu. Mama aliyempa jina hilo, au yeyote aliyempa, hakukusudia Freshwater.

Picha nyingine za siku hizo zinatatiza zaidi. Katika mojawapo, Speedy mwenyewe amevaa mavazi ya Kihabeshi na kushika mkuki juu ya mtu aliyelala chini. Anwani yake inacheza na maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kwa sauti, moja la kuchoma na jingine la kusamehe. Mzungu anaigiza Uhabeshi, na Mhabeshi anaigiza kushindwa, mbele ya mtoto aliyeona kushindwa kwa kweli. Speedy anaitwa humo “Báshá Félika”, jina alilopewa na Wahabeshi. Mhudumu aliyekuja na mtoto anaitwa “Casa”, basi, bila cheo wala nasaba. Kasa lilikuwa pia jina la Tewodros kabla ya kutawazwa.

Alemayehu alikwenda India na Speedy, kisha serikali ikamtenganisha naye licha ya vilio vyake, ikampeleka shule za Cheltenham na Rugby, na baadaye chuo cha kijeshi cha Sandhurst, ambako hakuwa na furaha. Alifariki Leeds tarehe 14 Novemba 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa katika eneo la kanisa la Mtakatifu George, Windsor. Mwaka 2007 serikali ya Ethiopia iliomba mabaki yake yarudishwe. Mwaka 2023 kasri ya Buckingham ilijibu kwamba haiwezekani kuyafukua bila kuwasumbua wengine waliozikwa hapo. Mwaka huohuo kishungi cha nywele zake, kilichokuwa kimetunzwa na ukoo wa Speedy, kilikabidhiwa kwa wawakilishi wa Ethiopia.

5.0 Wasio na jina

Mwaka 1875 akina Cameron walihamia Ceylon. Picha alizopiga huko zilizosalia ni chache, hazizidi 30, na nyingi ni za wafanyakazi wa mashamba na wenyeji wa Kalutara. Kwa mtazamo wangu baadhi yake zinalingana na zile za Herschel kwa uzito wa nuru na utulivu wa sura. Anwani zake, hata hivyo, hutaja kundi au mahali: wakulima wa Kalutara, mwanamke kijana wa Ceylon. Mchoraji Marianne North alipomtembelea huko na kupigwa picha, jina lake liliandikwa. Kamera ni moja, mkono ni mmoja, kisiwa ni kimoja.

Wenzetu wa Tanzania, Rwanda na Burundi wanaujua mtindo huu. Hifadhi ya picha za makoloni ya Kijerumani iliyoko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina picha zipatazo 55,000 zilizowekwa mtandaoni, na sehemu yake ni za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wengi waliozipiga walikuwa wa ridhaa kama Cameron: maofisa, wasafiri, walowezi. Maelezo yake kwa kawaida humtaja Mzungu kwa jina na Mwafrika kwa aina: askari, mpagazi, mwanamke wa mahali fulani. Tukiyatafsiri maelezo hayo kwa Kiswahili kama yalivyo, tutakuwa tumeitafsiri pia dharau yake, na safari hii itakuwa kwa lugha yetu wenyewe.

Napendekeza kwamba vyombo vinavyoshughulikia urithi katika kanda visianze na tafsiri. Maelezo ya awali yabaki katika sehemu yake, kwa lugha na tahajia yake, kwa kuwa ni ushahidi wa aliyeyaandika. Sehemu ya pili iwe ya jina, kwa maandishi ya lugha ya mwenyewe yanapokuwapo, pamoja na cheo kisichotafsiriwa. Sehemu ya tatu iwe ya waliomo pichani bila kutajwa, na iachwe wazi ionekane kuwa wazi, ili mzee wa Bujumbura au wa Moshi anayemtambua babu yake apate mahali pa kuandika. Kwa picha ya Julai 1868 rekodi ya Kiswahili ingesomeka hivi: Dejazmach Alemayehu Tewodros, ዓለማየሁ, miaka 7, yatima, pamoja naye Kasa, mhudumu wake, jina la baba halijaandikwa.