Kutoka Watu Watano Hadi Wawili: Historia ya Chumba cha Marubani

Katika miaka ya 1950, ndege ya abiria iliyovuka bahari iliweza kuwa na watu watano katika chumba cha marubani: kapteni, rubani msaidizi, mhandisi aliyesimamia injini na mafuta, mpima njia aliyeitafuta njia hata kwa nyota, na opereta wa redio. Redio bora zilimwondoa opereta, vyombo vya kujipimia njia vikamwondoa mpimaji, na baada ya tume ya rais wa Marekani kuamua mwaka 1981 kwamba marubani wawili wanatosha, kazi ya mhandisi nayo ikahamia kwenye kompyuta.

Otopailoti, yaani chombo kinachoiongoza ndege bila mkono wa rubani, ni ya zamani zaidi, kwani Lawrence Sperry aliionyesha Ufaransa mwaka 1914. Jipya lilikuwa kwamba rubani, aliyezoea kuendesha, sasa alitumia sehemu kubwa ya safari akisimamia. Usimamizi huo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, na ndiyo sababu taratibu humtaka rubani mmoja atamke kila badiliko la chombo na mwenzake aitikie baada ya kulithibitisha kwa macho kwenye skrini.

Gharama ya kuukosa mwitikio huo ilionekana Douala, Kameruni, tarehe 5 Mei 2007, wakati Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari KQ507 ya kwenda Nairobi, ilipopaa katika giza la usiku wa manane. Kapteni alitamka amri ya kuwasha otopailoti, lakini haikuwaka, na rubani msaidizi hakuitikia. Ndege ikaanza kuinamia kulia polepole mno hata miili yao isihisi, na king'ora kilipolia kapteni, akiwa amepotewa na mwelekeo, akaizidishia hatari kwa usukani. Watu wote 114 walifariki katika kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Wachunguzi wa Kameruni walitaja, pamoja na kupotewa huko, uratibu hafifu wa marubani na kutofuatwa kwa taratibu za ufuatiliaji, na ni haki kusema kwamba chombo peke yake hakiwezi kubebeshwa lawama.

Sasa wapo watengenezaji wanaotaka rubani mmoja abaki peke yake kwa sehemu ya safari ndefu. Kabla ya kuruhusiwa, wanapaswa kueleza ni nani atakayemwitikia kapteni, na ni nani atakayempinga anapokosea.