Besi ni hewa: historia ya boksi la spika, kutoka ngoma za Bujora hadi fibaglasi

Katika biashara ya muziki wa magari, jina linalotangulia ni la spika. Mnunuzi huulizia upana wake kwa inchi, nguvu yake kwa wati na kampuni iliyoitengeneza. Boksi huja baadaye, na mara nyingi huhesabiwa kuwa pambo la kufichia nyaya. Makala haya yanadai kinyume chake. Historia ya sauti nzito, tangu ngoma za watemi wa Usukuma hadi sabufa inayofungwa kwenye kona ya buti la gari, inaonyesha kuwa kutikisa hewa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu uko katika kuipatia hewa hiyo nafasi ya kutosha na kuizuia isivuje. Anayetengeneza nafasi hiyo ndiye anayeamua sauti itakavyokuwa. Fibaglasi, ambayo kandokando ya Ziwa Victoria imepata jina kupitia boti za wavuvi, ni hatua ya karibuni katika historia hiyo, na fundi anayeimudu anastahili malipo na mafunzo yanayolingana na kazi yake.

Ushahidi wa kwanza uko Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 mashariki mwa jiji la Mwanza kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yanahifadhi ngoma za kitemi. Ngoma hizo zilikuwa alama ya mamlaka ya mtemi mpaka serikali ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Ukiitazama ngoma kama fundi, unaona gogo lililochimbwa ndani na kuwambwa ngozi. Ngozi ikipigwa, hewa iliyofungiwa ndani hubanwa na kuisukuma irudi. Chumba kikiwa finyu, hewa hiyo huwa kaidi na mlio hupanda. Chumba kikiwa kipana, hewa hulegea na mlio hushuka. Mchongaji hakuhitaji hesabu za kuandika ili kulijua hilo, kwa sababu kosa lake lilisikika mara tu ngozi ilipokauka. Na katika Usukuma kosa hilo lilikuwa na gharama. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni waganga mashuhuri wa karne ya 19, vimeshindana kwa vizazi vingi katika msimu wa baada ya mavuno, na pale Bujora mashindano hayo yameungana na sherehe ya Bulabo. Mshindi ni upande uliovuta watu wengi zaidi. Mahali ambapo ushindi unapimwa kwa ukubwa wa umati, ngoma inayosikika mbali haiwezi kuwa jambo dogo.

Ushahidi wa pili unatoka katika maabara za ng'ambo, na unasema jambo lilelile kwa lugha ya hesabu. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya koili na koni ambayo kwa misingi yake ndiyo tunayoitumia hadi leo. Koni hiyo ilikuja na tatizo lake. Inaposukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta nyuma, na mawimbi ya pande mbili yakikutana hufutana. Sauti nyembamba haiathiriki sana, lakini wimbi la mitikisiko 40 kwa sekunde lina urefu wa mita nane na nusu hivi, kwa hiyo huzunguka ukingo wa spika bila shida na kukutana na mwenzake wa nyuma. Ndiyo maana spika kubwa iliyoshikwa mkononi hutoa mlio mkavu usio na besi. Dawa yake ilikuwa boksi, na watafiti waliofuata walishughulika na boksi kuliko koni. Albert Thuras wa maabara za Bell alipata hataza ya boksi lenye tundu mwaka 1932. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianza kuuza spika iliyofungwa ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa, ambamo hewa yenyewe ilifanya kazi ya springi. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alionyesha jinsi ya kukokotoa ujazo wa boksi kutokana na tabia za spika, na katika miaka ya 1970 Richard Small aliikamilisha kazi hiyo. Tangu hapo kila spika ya besi iliyotengenezwa kwa uangalifu huja na vipimo vinavyomwambia fundi inahitaji lita ngapi za hewa. Mchongaji wa ngoma alilitambua jambo hilo kwa sikio. Thiele na Small waliliweka katika namba.

Gari lilipoanza kubeba muziki, suala la lita likawa suala la nafasi. Nchini Tanzania hilo lilichukua muda. Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miongo mingi redio ilikuwa ya nyumbani au ya baraza. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1984, serikali ilipoanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Magari yaliyotumika kutoka Japani yaliongezeka, Hiace zikawa usafiri wa kila siku, na redio za kaseti zikaja ndani ya magari hayo. Baadaye Mwanza yenyewe ikawa kituo cha utangazaji kupitia Radio Free Africa, na Bongo Fleva ikaleta midundo iliyotengenezwa kwa kompyuta, yenye besi ambayo spika ndogo za mlangoni haziwezi kuitoa. Hapo mwenye gari akakutana na hesabu ya Thiele bila kujua jina lake. Sabufa ya inchi 12 katika boksi lililofungwa kwa kawaida huhitaji lita 30 hivi. Lita hizo katika boksi la mbao la pembe nne hula nafasi ya buti dogo, mahali pa mzigo wa sokoni na wa safari. Wakati huohuo, pembeni mwa buti, nyuma ya tairi, kuna mashimo na mikunjo ya bati ambayo boksi la pembe nne haliwezi kuingia. Hewa ipo humo. Kilichokosekana ni chombo chenye umbo la kuikusanya.

Chombo hicho kilitokana na kioo. Mwaka 1932 mtafiti kijana wa kampuni ya Owens-Illinois nchini Marekani, Dale Kleist, alikuwa akijaribu kuunganisha vipande vya kioo ndipo hewa ya shinikizo ilipopuliza kioo kilichoyeyuka kikawa nyuzi laini. Resini za plastiki za kuzishikamanisha nyuzi hizo zikapatikana katika miaka ya 1930 na 1940. Mwaka 1942 Ray Greene wa Ohio alitengeneza boti ya fibaglasi, na mwaka 1953 gari aina ya Chevrolet Corvette likatoka kiwandani likiwa na bodi ya fibaglasi. Mpangilio huo, boti kwanza na gari baadaye, una sababu. Chombo cha majini huonyesha faida ya fibaglasi haraka kuliko kitu kingine chochote. Mtumbwi wa mbao wa wavuvi wa Ukerewe na Ukara huunganishwa ubao kwa ubao, na kila kiungo ni njia ya maji. Kwa hiyo hukalafatiwa, husafiri, huvuja na kukalafatiwa tena. Boti ya fibaglasi huundwa kwa matabaka katika kalibu ikawa ngozi moja. Serikali ilipozindua jijini Mwanza, Januari 2024, ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, fibaglasi ilipata nafasi rasmi katika uchumi wa ziwa hili. Na kinachomfaa mvuvi ndicho kinachomfaa fundi wa muziki, isipokuwa mmoja anazuia maji yasiingie na mwingine anazuia hewa isitoke. Boksi lililofungwa likiwa na ufa mdogo kwenye kiungo hupiga mluzi, na springi ya hewa aliyoitafuta Villchur hupotea.

Kazi yenyewe inathibitisha kwamba hapa fundi ni mtengeneza ala. Huanza kwa kufunika bati la kona kwa tepu na karatasi ya alumini ili resini isishike gari. Juu yake hutandaza vipande vya mkeka wa nyuzi za kioo na kuvilowesha kwa resini ya poliesta iliyochanganywa na hadina (kigandishi), kwa kawaida asilimia moja hadi mbili. Kipimo hicho hakina huruma: hadina ikizidi, hasa katika joto la mchana, mchanganyiko huganda kikombeni na unaweza kuunguza; ikipungua, ngozi hubaki laini kwa siku nyingi. Baada ya matabaka matatu au manne ganda hubanduliwa likiwa na sura kamili ya kona ile. Kisha pete ya ubao wa MDF itakayobeba spika hushikizwa kwa vijiti mbele ya ganda, kitambaa chenye kunyumbulika huvutwa juu ya vyote, nacho hunyweshwa resini mpaka kigeuke ukuta. Matabaka huongezwa kwa ndani mpaka unene ufike milimita sita au zaidi, ndipo zifuate bodifila, msasa na rangi au zulia. Katikati ya yote kuna hatua ambayo fundi makini haikwepi: kupima ujazo. Umbo lisilo na pembe halipimiki kwa rula, kwa hiyo ganda hujazwa mchele au mahindi, nafaka hiyo hupimwa kwa chombo cha lita, na nafasi itakayochukuliwa na mwili wa spika hutolewa. Anayeruka hatua hii amebandua pambo. Anayeifanya ametengeneza ala ya muziki.

Yapo mapingamizi, na la kwanza linahusu ukoo. Msomaji anaweza kusema kuwa wachongaji wa ngoma hawakuwafundisha mafundi wa spika, na kwamba kuwaunganisha ni kulazimisha historia. Ni kweli kwamba ufundi huu haukurithishwa kutoka kwa hao kwenda kwa hawa. Resini, koili na vipimo vya Thiele vimetoka nje. Lakini hoja hapa ni ya tatizo, na tatizo ni moja: utando unaotikisika mbele ya hewa iliyofungiwa. Jiji la Mwanza, ambalo jirani yake Bujora huhifadhi ngoma za kitemi, halina sababu ya kuiona elimu ya besi kuwa mgeni asiye na mwenyeji. Pingamizi la pili ni la kiufundi, na lina nguvu zaidi: plaiwudi au MDF ya milimita 18 hutoa sauti nzuri kwa gharama ndogo. Hilo ni sahihi kabisa. Ukuta bapa na mwembamba wa fibaglasi hutetema na kuchafua sauti, na mwenye nafasi ya boksi la pembe nne hana haja ya kulipia resini. Lakini pingamizi hili linaiimarisha hoja badala ya kuivunja. Fibaglasi haina besi ya pekee ndani yake. Thamani yake ni kuzifikia lita ambazo ubao hauzifikii, ikisaidiwa na mikunjo inayoipa ukuta wake ukakamavu. Anayeinunua kwa sababu inang'aa amekosea, na anayeiuza kwa sababu hiyo amempotosha mteja.

Pingamizi la tatu ni la majirani, na haliwezi kupuuzwa. Besi hupenya kuta, huamsha watoto na wagonjwa, na sauti kubwa huharibu masikio. Wataalamu wa afya kazini huchukulia desibeli 85 kwa saa nane kuwa ukomo wa kujihadhari. Tanzania ina kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na zinapaswa kuzingatiwa. Hata hivyo, kelele na ufundi ni vitu viwili. Boksi lenye ujazo sahihi hushuka hadi noti za chini bila kulazimishwa. Boksi dogo kupita kiasi ndilo linalomfanya mwenye gari aongeze wati akitafuta noti ambazo halitazitoa kamwe. Elimu ya lita ni njia mojawapo ya kupunguza kelele. Zaidi ya jirani, yuko fundi mwenyewe. Mvuke wa staireni unaotoka kwenye resini huumiza kichwa na mapafu, hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na vumbi la msasa hubeba nyuzi za kioo. Barakoa yenye kichujio, miwani, glavu na mahali penye hewa ni sehemu ya kazi, na gharama yake inapaswa kuwemo katika bei anayotajiwa mteja.

Kutokana na haya yote, hatua zinazofaa ziko wazi. VETA Mwanza inafundisha fani za ufundi, na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Nyegezi; somo la fibaglasi lingewafaa vijana wa pande zote mbili, kwa kuwa anayejua kuunda boti isiyovuja amekwisha kujua nusu ya boksi lisilovuja, na nusu iliyobaki ni hesabu ya ujazo. Soko la boti likipoa, kuna magari, matangi na vifuniko vya mashine. Ujuzi ni uleule. Mnunuzi naye ana wajibu. Kabla ya kuuliza wati, amuulize fundi boksi litakuwa na lita ngapi, na spika hiyo inahitaji ngapi. Fundi anayejibu kwa namba alizozipima anauza kazi yenye historia ndefu nyuma yake, na alipwe hivyo. Asiye na jibu afundishwe, kwa sababu hesabu hiyo si siri na vifaa vyake ni chombo cha lita na mfuko wa mahindi.