Kasongo na Kabambare: Tangu Pembe hadi Dhahabu

Mwaka 1887, mjini Unguja, Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, nchini Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwajiri wake alikuwa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na mjumbe aliyempelekea habari hiyo alikuwa Henry Morton Stanley. Mapatano hayo hayakuwaokoa waliokuwa wakitekwa utumwani, hilo lisifichwe. Hata hivyo, kwa miaka michache yaliwazuia Wangwana wa Kasongo, yaani wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa pembe na watumwa, na dola ya Leopold ya Kongo wasipigane.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia pia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Nia ilikuwa njema, ila dola ya Leopold ilibaki na silaha zake. Septemba 1891 mfalme aliamuru pembe na mpira viwe vya serikali, na mazungumzo yakakosa cha kuzungumzia. Vita vikazuka 1892, Sefu mwana wa Tippu Tip akiwa mbele. Kasongo ilianguka Aprili 1893, Kabambare Januari 1894. Kisha ikaja shokoa ya mpira, na safari hii mwenye bunduki alikuwa mmoja tu.

Miaka 120 baada ya Brussels, Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Septemba, Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, mkoa wenye Kasongo na Kabambare, mpaka Machi 2011. Marufuku ilipoondolewa, wanunuzi walikuwa wamekwenda zao: viwanda vya kuyeyusha vilitaka kasiterite, yaani madini ya bati, yenye lebo ya kuonyesha ilikotoka, na lebo zilikuwa hazijafika. Katika nchi ambayo mzazi ndiye aliyekuwa akimlipa mwalimu, shimo likifungwa mtoto anarudi nyumbani. Nani alimuuliza mzazi huyo?

Dhahabu haikuhitaji lebo, na inaingia mfukoni. Watafiti waliofuatilia miaka hiyo waliona makundi yenye silaha, yaliyokosa kodi ya kasiterite, yakizidi kupora raia. Kabambare ni nchi ya dhahabu. Pale Namoya, karibu na Salamabila, wachimbaji wadogo, kampuni ya Banro na wapiganaji wa Mai-Mai Malaika waligombea vilima vilevile, hadi kampuni ikasimamisha kazi mwaka 2019.

Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kinshasa na Kigali walitia sahihi mkataba wa amani Washington. Nasema kwa wote wenye kalamu: kabla hamjaandika orodha nyingine ya makatazo, waiteni wachimbaji wa Salamabila, wanunuzi wa Kasongo na machifu wa Wabangubangu, wenyeji wa Kabambare, mkae nao.