Zapfino: Fonti Iliyosubiri Miaka 54

Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, askari kijana wa Kijerumani aliyekuwa Ufaransa alijaza ukurasa wa daftari lake kwa mwandiko wa kalamu. Herufi zililala kuelekea kulia, mikia yake ikipita juu na chini ya herufi jirani. Kijana huyo, Hermann Zapf, alikuwa mchora ramani wa jeshi. Ukurasa ule ulikuja kuzaa fonti mwaka 1998.

Zapf alizaliwa Nuremberg mwaka 1918. Mwaka 1935 alitazama maonyesho ya kazi za bingwa wa kaligrafia, Rudolf Koch, akavutiwa mno. Alitafuta vitabu, akashika kalamu na kujifundisha mwenyewe nyumbani.

Kilichoichelewesha fonti hiyo ni madini ya risasi. Enzi zile kila herufi ya chapa ilisimama juu ya kipande chake cha risasi chenye pembe nne, na mkia uliojitokeza nje ya kipande ulivunjika kwa urahisi. Baada ya vita Zapf alijaribu mtindo huo katika kiwanda cha Stempel, Frankfurt. Ikapatikana Virtuosa, fonti nzuri kweli, lakini mikia yake ilibanwa ili ienee kwenye risasi. Isitoshe, mwandishi wa kalamu hubadili umbo la herufi kila anapoirudia, ilhali mpiga chapa alikuwa na umbo moja tu la kurudia ukurasa mzima.

Kompyuta ndiyo iliyofungua njia. Katika miaka ya 1990, Mmarekani David Siegel alimshawishi Zapf watengeneze fonti yenye maumbo mengi ya kila herufi. Siegel alijitoa kabla kazi haijaisha, Zapf akaipeleka kwa kampuni ya Linotype. Zapfino ikatoka na alfabeti nne za kuchanganywa.

Baadaye Apple waliiweka kwenye kompyuta za Mac, na humo programu yenyewe huchagua umbo kwa kuangalia herufi jirani. Ukiandika neno Zapfino, herufi zote saba huungana na kuwa mchoro mmoja.

Zapf alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 96. Anayechora fonti leo ana deni kwake: achore kwanza herufi anayoiamini, ndipo aitafutie mtambo wa kuibeba.