Mpira wa Wasichana na Mlango wa Chuo Kikuu

Kuchagua timu ni kama kuchagua chombo cha safari. Anayetaka kuvuka bahari haangalii weupe wa tanga peke yake. Huuliza nahodha ni nani, chombo kinakwenda bandari gani, na dhoruba ikivuma abiria watasalimika vipi. Siku hizi wako wasichana wengi katika Kilifi, Malindi na Kaloleni wanaocheza mpira wa miguu kwa ustadi. Baadhi yao hutafuta timu yenye mashindano makali, wakitumaini kwamba mpira utawafungulia mlango wa chuo kikuu. Tumaini hilo si la kuchekwa. Lakini yafaa tulipime kwa historia, maana historia hutuonyesha mlango huo ulifunguliwa wapi, na kwa ufunguo gani.

Hapo kale mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, timu ya wanawake wa kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mtu angedhani kuwa umati mkubwa kama huo ungeupa nguvu mchezo wa wanawake. Haikuwa hivyo. Tarehe 5 Desemba 1921 Chama cha Mpira cha Uingereza kilivikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Wanawake wale walikuwa na miguu hodari na watazamaji wengi, lakini hawakuwa na sheria ya kuwalinda, wala hawakuwa na kiti katika baraza lililoamua mambo yao. Ustadi peke yake haukuwafaa.

Marekani ndiko mpira na chuo vilikofungwa pamoja, na kamba iliyovifunga ilikuwa sheria ya elimu. Tarehe 23 Juni 1972 ilitiwa sahihi sheria ijulikanayo kama Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika mipango ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haikutaja mpira hata kwa neno moja; lakini vyuo vilivyokuwa vikiwapa wavulana viwanja, makocha na misaada ya karo vililazimika kuwafikiria wasichana pia. Mwaka 1982 yalifanyika mashindano ya kwanza ya mpira wa wanawake ya chama kikuu cha michezo ya vyuo, na Chuo Kikuu cha North Carolina kikashinda. Mwaka 1991, Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilipochezwa China, Marekani ililitwaa kwa timu ambayo wachezaji wake wengi walikuwa wamelelewa vyuoni.

Huko ndiko inakotoka habari ya kwamba msichana aweza kusomeshwa na mpira. Habari hiyo ni ya kweli, ila ina mipaka. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa misaada isiyozidi thamani ya karo kamili za wachezaji 14, na timu moja huwa na wachezaji zaidi ya 20. Kwa hiyo wengi waligawana vipande. Tena hata huko, mwenye mguu wa dhahabu na alama mbaya za darasani hurudishwa mlangoni.

Kwetu Kilifi hapakuwa na sheria kama hiyo, wala vyuo vyenye fedha za kuwagawia wachezaji. Palikuwa na viwanja vya mchanga, na wavulana ndio waliovimiliki. Msichana alipotoka shuleni alingojewa na ndoo ya maji, kuni, jiko na wadogo zake. Na wako wazazi waliohofia kwamba mpira ungemvua binti yao staha. Mwaka 2001 Sarah Forde alianzisha mjini Kilifi shirika la mpira wa wasichana liitwalo Moving the Goalposts, yaani kuyahamisha magoli. Shirika hilo halikuwapa wasichana mpira tu. Liliwafundisha kuchagua kamati zao wenyewe, kupanga ligi, kuwa makocha na marefa, kutoa huduma ya kwanza, na kuelimishana juu ya afya na haki zao. Miaka ilivyopita, maelfu ya wasichana wa mwambao walipitia humo. Aliyepuliza kipenzi mbele ya watu wazima, na uamuzi wake ukatiiwa, hakurudi nyumbani vile vile alivyotoka.

Hata suala la mavazi, ambalo kwetu si dogo, lilipata ufumbuzi. Mwaka 2014 wenye kutunga kanuni za mpira duniani waliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa. Tangu hapo, kwa kanuni hizo, mtandio haukuwa tena sababu ya kumzuia binti wa Kiislamu asicheze katika mashindano makubwa.

Mwaka 2024 nchi nzima iliona matunda ya kazi kama hizo. Wasichana wa Kenya walio chini ya miaka 17, wengi wao wanafunzi wa shule, walikuwa timu ya kwanza ya mpira ya nchi hii, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia. Huko Jamhuri ya Dominika walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, lakini waliishinda Mexico 2 kwa 1.

Je, ushindi huo ni tikiti ya chuo kikuu? Hapana budi tuseme kweli. Chini ya mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, msichana alitakiwa kupata wastani wa C+ ili apangiwe shahada, na mabao hayakuongeza alama hata moja. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake kamili mwaka 2013, kiko Kilifi penyewe. Lakini lango lake hufunguliwa kwa cheti. Mtaala mpya umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Hiyo ni njia njema, ila nayo hupita darasani.

Basi, msomaji, ukialikwa katika timu, usiulize vikombe vyake tu. Uliza kama kocha hutaka kuiona ripoti yako ya shule. Uliza mazoezi humalizika saa ngapi, na kama utafika nyumbani kabla ya giza ukiwa bado na nguvu ya kufungua kitabu. Uliza nani hulipa nauli, na kama yuko mwanamke wa kuaminika anayefuatana na timu safarini. Akitokea mtu anayekuahidi chuo cha ng'ambo kisha akadai fedha za siri, au jambo jingine la siri, mkimbie na uwaambie wazazi wako. Mwisho uliza swali lililo kubwa kuliko yote: nikivunjika goti kesho, timu hii itakuwa imeniachia nini?

Timu iwezayo kulijibu swali hilo ni bora hata ikiwa haijatwaa kikombe. Wachezaji wa mwaka 1920 walipendwa na umati, wakafungiwa viwanja. Wasichana wa Marekani walifunguliwa njia na sheria ya elimu. Na wasichana wa Kilifi walianza kuheshimiwa waliposhika kipenga, kalamu na daftari la kamati pamoja na mpira. Mguu una umri wake, nao ni mfupi. Elimu haizeeki. Mchague atakayekulindia vyote viwili. Na akikulazimisha kuacha kimoja, usikubali kiwe kitabu.